Msitu wa Kirindy, Bukini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka magharibi mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, naulizwa maswali yale yale: nyumbani, kwa kinyozi, hata msibani. Nimeamua kuyajibu mara moja. Mimi si mtaalamu wa wanyama. Ni mtu aliyekaa pale siku kadhaa, akasumbua waongozaji kwa maswali, kisha akarudi nyumbani na kusoma kila alichokipata.

Kirindy iko wapi hasa?

Iko mkoa wa Menabe, upande wa kisiwa unaotazamana na Msumbiji. Mji wa karibu ni Morondava, na kutoka hapo unakwenda kaskazini mashariki kama kilomita 60. Bahari haiko mbali, kilomita 20 hivi, lakini ukiwa ndani ya msitu hutaamini. Hakuna upepo wa pwani wala harufu ya chumvi, ni joto na vumbi jekundu tu.

Ni ile Hifadhi ya Taifa ya Kirindy Mitea?

Hapana, na wengi hukosea hapa, wakiwemo wauzaji wa safari. Kirindy Mitea ni hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa Morondava. Kirindy ninayoisema mimi iko kaskazini na si hifadhi ya taifa. Ni msitu wa hekta 12,000 hivi uliokuwa chini ya chuo cha misitu, na leo umo ndani ya eneo kubwa la hifadhi liitwalo Menabe Antimena, lenye hekta zaidi ya 200,000. Kabla ya kulipa, uliza unapelekwa Kirindy ipi.

Mbona picha zako ni za msitu mkavu? Uliungua?

Haukuungua. Ulipukutisha majani.

Mvua ya Kirindy ni wastani wa milimita 800 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekishukuru. Shida ni kwamba karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Machi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba tone likidondoka ni habari. Miti ikaamua, kama mtu anayeona akiba inapungua, kufunga duka. Jani hupoteza maji kila siku, kwa hiyo jani linaachwa lianguke. Ifikapo Agosti mbingu unaiona kupitia matawi na ardhi imefunikwa majani makavu yanayolia kila ukikanyaga. Mjusi akipita hatua kumi kutoka kwako, unasikia kama mtu anakunja gazeti.

Wageni wengi hufika Septemba, hutazama, husema msitu umekufa. Nami nilisema hivyo. Mwongozaji hakunijibu. Alitoa kisu kidogo, akakwangua kidogo sana ganda la mti mmoja mwembamba, ukubwa wa ukucha. Chini ya lile ganda kavu la rangi ya karatasi palikuwa kijani kibichi, kibichi kabisa, kama muhogo uliochunwa. Ni mti wa jamii moja na manemane. Hauna jani hata moja, lakini ganda lenyewe linaendelea kula jua. Akapaka mate kidole, akafunika lile jeraha, tukaendelea.

Ukishaliona hilo, mengine yote ya Kirindy yanaeleweka. Kila kiumbe mle kina namna yake ya kungoja mvua.

Mibuyu ya kule ni kama yetu?

Ni ndugu, lakini si mmoja. Bara letu lina aina moja ya mbuyu. Madagaska ina aina sita ambazo asili yake ni kisiwani humo peke yake, na huku Menabe utaiona mitatu. Mrefu kuliko yote ni ule wanaouita *renala*, yaani mama wa msitu: shina limenyooka kama nguzo ya msikiti na matawi yako juu kabisa, mafupi, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Ndio wa kwenye zile kadi za posta, Barabara ya Mibuyu, ambayo utaipita ukitoka Morondava. Mwingine ni *fony*, mdogo, ganda jekundu, umbo la chupa. Wa tatu wanauita *za*.

Cha ajabu, mbuyu wetu wa Afrika nao uko kisiwani. Ule mkubwa wa mjini Mahajanga, kaskazini, ni wa aina yetu hii hii. Ulivuka bahari kama sisi tulivyovuka.

Kuna simba, tembo, nyani?

Hakuna hata mmoja. Hakuna swala, hakuna chui, hakuna pundamilia. Madagaska ilitengana na Afrika zamani mno, na wanyama wa kule walikua kivyao. Ukienda na matarajio ya Serengeti utarudi umenuna. Ni msitu wa kusimama kimya na kuangalia juu.

Basi kuna nini?

Kuna lemuri, ambao njia rahisi ya kuwaeleza kwa Mswahili ni kusema ni binamu wa komba. Kirindy ina aina nane. Wawili hutembea mchana: sifaka, mweupe mwenye kichwa cheusi, anayeruka kutoka shina hadi shina akiwa amesimama wima, na lemuri mwekundu wa kipaji, anayetembea kwa makundi huku akikoroma kama nguruwe mdogo. Sita waliobaki ni wa usiku.

Kuna pia fosa, panya anayeruka, nguchiro wa milia, kobe mdogo wa kujificha, vinyonga, chatu wasiodhuru mtu na ndege wengi, wakiwemo *koa* wenye ngozi ya bluu kuzunguka macho, utadhani wamepakwa wanja wa harusi.

Fosa ni mnyama gani? Ni paka?

Kwa kumtazama ungeapa ni paka. Mwili mrefu wa rangi ya hudhurungi, kichwa kidogo, mkia unaokaribia urefu wa mwili. Lakini nasaba yake iko upande wa nguchiro. Ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote Madagaska, na hata hivyo uzito wake hauzidi sana kilo 10. Hupanda mti kama anavyotembea chini, na vifundo vyake vya miguu hugeuka kiasi kwamba hushuka shina akitanguliza kichwa, jambo ambalo paka wako wa nyumbani hawezi bila aibu.

Chakula chake kikubwa ni lemuri. Kwa kawaida hutembea peke yake, lakini watafiti wa hapo hapo Kirindy wamewahi kushuhudia madume matatu yakimwinda sifaka kwa kushirikiana, mmoja juu, wengine chini, wakipokezana.

Watu huja kumwona hasa kuanzia Oktoba, msimu wa kupandana. Jike hupanda juu ya mti fulani na kukaa tawini. Madume hukusanyika chini, wanne, watano, wakigombana na kulia. Jike ndiye anayechagua, na kupandana kwenyewe kunaweza kuchukua saa kadhaa, pale pale tawini. Akishuka, jike mwingine anaweza kuuchukua mti huo huo. Waongozaji wanaijua miti hiyo kwa sababu hutumika mwaka hadi mwaka. Mwongozaji wangu alinionyesha mmoja ambao ganda lake limekwaruzwa hadi limekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Ni kweli fosa huja kambini?

Kweli. Huja jikoni kutafuta mabaki, mchana kweupe, kwa mwendo wa mtu mwenye hati ya nyumba. Wageni hufurahi na kupiga picha. Mimi sikufurahi sana. Mnyama aliyezoea sufuria ya wali huja kuzoea pia banda la kuku la kijijini, na huko hakuna anayempiga picha, anapigwa rungu. Tafadhali usimrushie chochote, hata mfupa.

Kuna komba anayekaa kwenye kiganja?

Yupo, na jina lake ni la mtu: komba-panya wa Bibi Berthe, kwa heshima ya Berthe Rakotosamimanana, mtaalamu wa Kimalagasi aliyefanya kazi kubwa ya kuwalinda lemuri. Alitambuliwa rasmi kama spishi yake mwaka 2000. Uzito wake ni gramu 30 hivi, yaani nusu ya yai la kuku. Katika jamii yote inayojumuisha lemuri, nyani, sokwe na sisi wenyewe, hakuna mdogo kuliko yeye. Anaishi Menabe tu. Msitu wa Menabe ukiisha, naye ameisha.

Wakati wa kiangazi, matunda yakiwa hayapo, hulamba utomvu mtamu unaotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza miti. Fikiria: msitu mzima umefunga, na mnyama wa gramu 30 anaishi kwa asali ya mdudu.

Usimchanganye na komba-panya wa kijivu, ambaye ni mara mbili yake na anapatikana humo humo. Kwa huyo wa kijivu kuna jambo la kuchekesha kidogo: majike huingia tunduni na kuzubaa kwa miezi mingi ya kiangazi, ilhali madume wengi hubaki macho wakihangaika na njaa. Nilipomsimulia mke wangu, alisema hao majike wana akili.

Na yule anayelala miezi saba?

Huyo ni komba mwenye mkia wa mafuta. Masika anakula matunda hadi mkia unavimba, kisha Aprili hivi anaingia kwenye tundu la mti na haonekani tena hadi Novemba. Anaishi kwa mafuta ya mkiani.

Jambo hili lilipochapishwa mwaka 2004, kwa utafiti uliofanyika hapa Kirindy, liliwashangaza wengi. Walizoea kwamba kulala msimu mzima ni mambo ya nchi za baridi na theluji. Hapa ni joto, na mnyama analala! Zaidi ya hapo, hajisumbui hata kushikilia joto la mwili wake. Tundu likiwa na ukuta mwembamba, joto la mwili wake hupanda mchana na kushuka usiku pamoja na hewa, tofauti ya karibu nyuzi 20 kwa siku moja. Mtu joto lake likipanda nyuzi mbili tu tunakimbilia zahanati.

Nimesikia habari za kinyonga anayeishi miezi michache tu.

Ni kinyonga wa Labord. Anatoka kwenye yai mvua za kwanza zikinyesha, Novemba, anakua kwa kasi, anataga, anakufa kabla kiangazi hakijakolea. Nje ya yai anaishi miezi michache tu. Miezi minane au tisa ya uhai wake huipitisha ndani ya yai ardhini. Kwa hiyo ukienda Agosti, kinyonga karibu wote wa aina hii ni mayai. Uko juu yao, unakanyaga.

Panya anayeruka ni mkubwa kiasi gani?

Kilo moja na kidogo. Ukimwona usiku utasema ni sungura: masikio marefu, miguu ya nyuma mirefu, anatoroka kwa kuruka. Dume na jike hukaa pamoja miaka, katika shimo moja, na huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa wakati. Kwa panya, hilo ni ajabu. Panya wa kwetu anajaza ghala kabla hujanunua mtego. Huyu akipoteza watoto wa mwaka mmoja, pengo halizibiki haraka, na ndiyo maana yuko kwenye orodha ya walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Eneo lake lote duniani ni kipande cha Menabe.

Yuko ukingoni pia kobe mdogo wanayemwita *kapidolo*, mwenye gamba bapa, urefu wa kiganja. Kiangazi hujifukia chini ya majani makavu. Jike hutaga yai moja moja.

Nyoka wa kule ni hatari?

Hakuna nyoka wa kuua mtu Madagaska. Chatu wapo lakini hawana shida na wewe. Mbu ndio wenye shida na wewe. Malaria ipo, chukua dawa na chandarua.

Niende lini?

Inategemea unataka nini. Ukitaka fosa, Oktoba na Novemba, na ujiandae kwa joto la kutoa jasho ukiwa umekaa. Ukitaka kuona mbali kati ya miti, Julai hadi Septemba. Kuanzia Desemba msitu unageuka ghafla, kijani tupu, vinyonga kila mahali, vyura wanapiga kelele usiku kucha, komba wenye mkia wa mafuta wako macho. Ila barabara inaweza kukatika kabisa, na Januari hadi Machi ni msimu wa vimbunga.

Barabara ikoje?

Kutoka Nairobi kuna ndege hadi Antananarivo. Kutoka hapo hadi Morondava ni kilomita kama 700 za lami yenye mashimo, au ndege ya ndani ukibahatika ratiba isibadilike. Morondava hadi Kirindy ni vumbi.

Mimi nilikodi gari kwa mtu aliyeniapia kuwa ni la magurudumu manne. Magurudumu manne lilikuwa nayo, kama gari lolote. Kwenye mchanga wa kwanza lilizama hadi kwenye ekseli, na tukatolewa na vijana waliokuwa wakipita na mkokoteni wa ng'ombe. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ng'ombe kwa Kimalagasi ni *omby*.

Kumbe lugha zinafanana?

Kimalagasi asili yake ni mbali sana, huko Borneo. Lakini majina ya wanyama wa kufuga mengi yamevuka kutoka kwetu: *omby* ni ng'ombe, *amboa* ni mbwa, *akoho* ni kuku, *ondry* ni kondoo, *akanga* ni kanga. Nikiwa na wale vijana, tulihesabu mifugo kwa lugha mbili huku tukisukuma gari na kucheka. Nje ya hapo utahitaji Kifaransa kidogo.

Neno jingine la kujua ni *fady*, yaani mwiko. Kila kijiji kina yake. Mwongozaji akikwambia mahali fulani hapaonyeshwi kwa kidole, kunja kidole chako, usiulize sayansi yake.

Naruhusiwa kutembea usiku?

Ndiyo, pamoja na mwongozaji, na hii ndiyo faida ya Kirindy kutokuwa hifadhi ya taifa, maana ndani ya hifadhi za taifa matembezi ya usiku yamekatazwa. Beba tochi ya kichwani yenye mwanga hafifu. Usimulike mnyama usoni muda mrefu. Na zima simu.

Ni kweli zamani walikuwa wanakata mbao humo humo?

Kweli. Chuo cha misitu kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Uswisi, na lengo lilikuwa kufundisha uvunaji wa kuchagua, mti mmoja hapa, mwingine kule. Njia zilizonyooka unazotembea leo ukifuata mwongozaji zilichongwa kwa ajili ya kazi hiyo. Watafiti wa kituo cha Ujerumani cha mambo ya jamii ya nyani wamekuwa na kambi yao humo tangu 1993, na mengi niliyoyaeleza hapo juu yametokana na wao na wanafunzi wa Kimalagasi waliofanya nao kazi.

Kama unalindwa, kwa nini unapungua?

Swali gumu kuliko yote, na sipendi majibu mepesi yanayosema "wanakijiji wanaharibu".

Kinachotokea ni hiki. Mtu anafyeka msitu, anaacha vikauke, anachoma, anapanda mahindi au karanga kwenye majivu. Wanaita *hatsake*. Mwaka wa kwanza mavuno ni mazuri ajabu. Wa pili, si haba. Baada ya hapo udongo umechoka, magugu yamejaa, na mtu anasogea mbele. Msitu wa mvua nyingi ukiachwa unajaribu kurudi. Huu mkavu unarudi polepole mno, na kabla haujarudi moto wa malisho umeupitia tena.

Wengi wanaofyeka si wenyeji Wasakalava. Ni watu waliohama kutoka kusini kabisa, kwenye ukame unaokausha visima na kuua mifugo. Wamekuja na jembe na watoto. Nyuma yao wako wenye malori na pesa wanaonunua mahindi kwa wingi, na hao hawaonekani shambani wakati doria ikipita. Anayekamatwa ni mwenye panga.

Eneo la Menabe Antimena lina hadhi kamili ya kulindwa tangu 2015. Hadhi iko kwenye karatasi. Niliuona mpaka wake mchana mmoja: kushoto miti, kulia mashina meusi hadi upeo wa macho na mbuyu mmoja uliobakizwa katikati, umeungua upande, umechipua upande. Mibuyu huachwa kwa sababu mingine ni ya kuheshimiwa, na pia kwa sababu mti wenyewe ni maji matupu na haufai kwa mbao.

Ukinunua vinyago vya wachongaji wa Marofandilia, kijiji kilicho njiani, pesa hiyo hubaki mikononi mwa majirani wa msitu. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya kulike picha.

Ulimwona huyo komba wa Bibi Berthe?

Sina jibu la uhakika. Usiku wa pili, saa tatu hivi, mwongozaji alisimama ghafla na kunishika begani. Kwenye kichaka, usawa wa kiuno, palikuwa na nukta mbili za rangi ya chungwa, ndogo kama vichwa vya kiberiti. Zilituangalia. Yeye alinong'ona kwamba manyoya ni mekundu, ni yeye. Mimi sikuona manyoya. Nukta zikazimika, zikawaka tena mita mbili juu zaidi, kisha basi. Picha niliyopiga ipo, nimeikuza hadi imekuwa miraba. Ni kijiti.